Mtandao Unasumbua, Subiri

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa TEHAMA, jijini Mbeya

Waheshimiwa walimu, wazazi mliofika, wauguzi niliowaona mmekaa kule nyuma mkiwa bado na sare za zamu ya usiku, na ninyi wanafunzi ambao siku hii ni yenu: mugonile. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Asanteni kwa kuja na baridi hii.

Nimeombwa nizungumzie uongozi. Nimefanya kazi ya TEHAMA hospitalini kwa miaka kumi na saba, yote huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nilianza kama fundi wa kubeba ngazi na kuvuta kebo darini. Sasa ni mkuu wa kitengo, nakaa meza moja na mganga mfawidhi, muuguzi mkuu na mhasibu wakati bajeti inagawanywa. Hospitali nilizopita sitazitaja, kwa sababu nitakayosimulia yanawahusu wagonjwa na watumishi ambao hawakunipa ruhusa ya kuwasemea.

Nitazungumzia sentensi moja. Mmeshaambiwa nyote, benki, kwa wakala, kwenye ofisi za serikali: "Mtandao unasumbua, subiri." Hospitalini sentensi hiyo ina uzito wa namna yake. Ilinichukua miaka kutambua kwamba kila iliposemwa, aliyeisema hasa ni mimi, ingawa mdomo ulikuwa wa mtu mwingine.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza. Mnazijua radi zetu za mwanzo wa mvua, mbingu inapasuka kabla hata tone halijaanguka. Nilikuwa ofisini, ghorofa ya pili, naandika ripoti ya robo mwaka, na nilikuwa nimeandika kwa fahari kwamba mfumo wetu ulikuwa hewani kwa asilimia 99. Simu ikaita: radi imepiga, swichi ya mtandao ya jengo la wagonjwa wa nje imeungua. Nikamtuma fundi, nikaendelea kuandika. Nusu saa baadaye nikashuka, na niseme kweli, nilikuwa naenda kunywa chai. Njia ya kantini inapita mbele ya dirisha la mapokezi.

Karani pale dirishani alikuwa binti mwenye miezi miwili kazini. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kwenye matope. Mbele yake alisimama mama aliyefika na basi la alfajiri kutoka Kyela, mtoto yuko mgongoni, amefungwa kwa kitenge, kichwa kimelegea begani.

"Dada, mtoto anaungua."

"Mama, mtandao unasumbua, naomba usubiri."

Yule mama akamtazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa: "Mtandao ndiyo unaopima homa?"

Binti hakuwa na jibu. Niliona mkononi ameshika kipande cha boksi la dawa alichokichana, na juu yake alikuwa ameandika majina matano kwa kalamu, halafu akaacha. Aliacha kwa sababu ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, palibandikwa waraka uliosema mgonjwa yeyote asipite bila kusajiliwa kwenye mfumo na kupata risiti ya mashine. Waraka ule ulikuwa na saini mbili, ya mhasibu na yangu.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja wa siku nyingi, mama ambaye nusu ya wafanyakazi wa hospitali ile alikuwa amewapokea wakizaliwa. Alitoka chumba cha dharura, akamfungua mtoto mgongoni bila kumwuliza mtu, akakata plasta, akaandika jina na uzito, akaibandika kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, akaenda naye. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Mtoto alitibiwa na akapona. Alipokuwa anapita mbele yangu yule muuguzi alisema, "Mwanangu, kaa hapa uone," akaniachia kiti cha karani.

Usiku ule nilirudi kwenye ile asilimia 99 nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu mwanzo. Mwaka una saa 8,760. Asilimia moja ni saa 87 na dakika 36. Siku tatu na nusu na ushei. Na saa hizo haziji usiku wa manane Jumapili wakati hospitali imelala. Zinakuja Jumatatu asubuhi, kila mtu anapofungua kila kitu kwa mkupuo, au mchana wa mvua. Ripoti yangu haikuwa ya uongo, ila ilikuwa imeandikwa ghorofa ya pili.

Kuanzia wiki iliyofuata nikawa nakaa dirishani kila Jumatatu, saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi. Sikwenda kukagua, nilikwenda kusajili wagonjwa. Wenzangu wa menejimenti waliona napoteza muda, na mmoja alinieleza wazi kwamba mkuu wa kitengo akikaa kwa karani anashusha hadhi ya wakuu wote. Nilimsikiliza, na Jumatatu nikarudi.

Nisikilizeni hapa, maana hiki ndicho ninachotaka mwondoke nacho. Pale dirishani niligundua kwamba fomu ya usajili tuliyoipitisha sisi wenyewe, kikaoni, kwa kupiga makofi, haikumjua mtu wa huku. Ilimlazimisha kila mgonjwa ataje sanduku la posta. Mkulima wa ndizi wa Rungwe ana sanduku la posta la nini? Karani alikuwa anaandika namba yoyote ili aruhusiwe kwenda ukurasa wa pili. Ilidai siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Wazee wetu wengi wanakumbuka mwaka tu, na wengine wanakumbuka tukio: "Nilizaliwa reli ya TAZARA inajengwa." Hapo una miaka ya kuanzia 1970 hadi 1975, lakini kompyuta inataka tarehe. Kwa hiyo karani anaandika 1 Januari ili kompyuta inyamaze. Nilifungua orodha nikakuta kurasa kwa kurasa za watu waliozaliwa siku moja.

Na majina, mnajua, yanarudiwa. Ita Tumaini kwenye foleni ya Jumatatu, watainuka wanne. Sasa weka pamoja majina yanayofanana, tarehe za kuzaliwa zinazofanana na masanduku ya posta ya kubuni. Wodi ya wazazi walilazwa akina mama wawili wenye majina matatu yaleyale, na jibu la kundi la damu la mmoja likaingia kwenye faili la mwingine. Aliyekuwa karibu kuongezewa damu alikuwa amelala kitanda cha dirishani. Yule muuguzi mkongwe alisoma jibu kwenye skrini, akamgeukia: "Mama, wewe ni wa kijiji gani? Balozi wako wa nyumba kumi nani?" Akaenda kwa yule wa pili, akauliza hivyohivyo. Akarudi, akaondoa karatasi kwenye ubao wa kitanda, akaagiza damu ipimwe upya.

Alinikuta ofisini jioni. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mimi kompyuta siijui. Lakini mbona haiulizi kijiji?"

Kuondoa lile sanduku la posta, kuweka kijiji au mtaa, jina la balozi na jina la mama mzazi, na kuruhusu mwaka wa kukadiria, ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Mchana mmoja! Kosa lilikuwa limekaa miaka miwili, na muda wote huo wauguzi walikuwa wanalizunguka kwa akili zao na kwa kumbukumbu zao, bila kutuambia, kwa sababu hakuna siku tuliyowauliza. Walidhani kompyuta ndivyo zilivyo. Mkipewa kitengo, msisubiri malalamiko. Mtumishi aliyezoea shida haileti kwenu. Anaibeba.

Kuna jingine linalohusu mkoa wetu kwa namna ya pekee, na ni zito. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, maambukizi Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Mikoa hiyo mitatu ni sisi hawa, ni wateja wa hospitali zetu. Kwa hiyo huku kwetu skrini iliyoachwa wazi kwenye meza ya wodi inaweza kumfukuzisha mtu nyumbani kwake. Hospitali ya wilaya ni kijiji. Muuguzi anamjua mgonjwa, anamjua mume wake, wanasali kanisa moja.

Ndiyo maana nilikasirika sana siku nilipokuta neno la siri la muuguzi mmoja limeandikwa kwenye plasta nyeupe na kubandikwa chini ya skrini, na wodi nzima inaingia kwa jina lake. Nikamwandikia barua ya onyo na kumpelekea wodini, wenzake wakiona. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Nimepokea." Akaendelea kugawa dawa.

Muuguzi mkuu akaniita pembeni. "Kabla hujaandika ya pili, njoo ulale na sisi usiku mmoja."

Nilikwenda. Nilikaa wodini kuanzia saa mbili usiku hadi kulipokucha. Kompyuta moja, wauguzi wawili, vitanda vimejaa. Kila mmoja alipotaka kuingia kwa jina lake ilibidi mwenzake atoke kwanza, na mashine ile nzee ilichukua dakika nne kufunguka. Nilikuwa na daftari, nikahesabu: mara ishirini na mbili kwa usiku mmoja. Dakika 88. Karibu saa moja na nusu muuguzi amesimama akiangalia kiduara kinazunguka, na nyuma yake mgonjwa anaita. Lile neno la siri kwenye plasta lilikuwa njia pekee ya kuwafikia wagonjwa kwa wakati, na mashine ile niliipeleka mimi kule, baada ya idara ya fedha kupewa mpya.

Tulibadilisha diski za mashine zote za wodini, zikawa zinafunguka kwa sekunde. Fedha yake ilikuwa chini ya gharama ya semina tuliyokuwa tumepanga kuhusu usalama wa taarifa. Barua ya onyo niliiondoa kwenye faili la yule dada, nikaenda wodini kumwomba radhi, na nilimwomba mbele ya wenzake kwa kuwa barua niliipeleka mbele ya wenzake. Baada ya hapo kila mtu akawa na jina lake na neno lake la siri, na wao wenyewe wakawa wanakumbushana kufunga skrini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, kwenye wodi zile hatukuwa na la kubadilisha.

Sasa nije kwenye tarehe moja. Tarehe 12 Mei dunia huadhimisha Siku ya Wauguzi, kwa sababu ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Wengi wanamkumbuka kwa taa yake. Mimi namheshimu zaidi kwa hesabu zake: alihesabu vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, akachora michoro iliyowaonyesha wakubwa wa London kwamba magonjwa yanayozuilika yaliua wengi kuliko majeraha. Kwa hiyo mtu wa takwimu za hospitali na muuguzi wana bibi mmoja.

Tarehe hiyohiyo mwaka 2017, kirusi kinachoitwa WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi nyingi. Huko England kilivuruga angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa. Miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu na baadhi ya hospitali zikageuza magari ya wagonjwa yaende kwingine. Na kiraka cha programu cha kuziba ule mwanya Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi, miezi miwili kabla. Kazi ya kuweka viraka haina sifa, hakuna anayekupongeza kwa jambo ambalo halikutokea, na bado ni yako.

Tena tarehe hiyohiyo, Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nafikiri mnaikumbuka wiki ile.

Jumatatu ya tarehe 13 nilifika dirishani saa moja na nusu kama kawaida. Uhakiki wa kadi za bima haufanyi kazi, namba za malipo hazitoki. Foleni imetoka nje. Lakini foleni ilikuwa inatembea.

Nirudi nyuma kidogo mjue kwa nini. Baada ya ile siku ya radi, tuliubandua ule waraka ukutani. Tulikaa na mhasibu, mganga mfawidhi na muuguzi mkuu, vikao vinne vya kuvutana, tukaandika mwingine ambao sentensi yake ya kwanza inasema mgonjwa haondoki dirishani kwa sababu ya mtandao. Sentensi hiyo ni nyepesi kuandika. Iliyotugombanisha ni ya tatu: hasara yoyote itakayotokana na kumhudumia mtu bila uhakiki itabebwa na hospitali, haitakatwa kwa karani. Mhasibu alikuwa na hoja ya haki, fedha hizo ndizo zinazonunua dawa, na nilimheshimu kwa kuisimamia. Lakini bila sentensi ile ya tatu, ya kwanza ni mapambo. Karani anayelipwa mshahara wa karani hawezi kumpitisha mgonjwa kwa huruma huku anajua hasara itamrudia yeye.

Tukaweka pia sanduku jekundu kila dirisha: fomu, karatasi za kaboni, kalamu kumi, orodha ya namba za usajili zilizotengwa kwa dharura. Na kila robo mwaka tukawa tunazima mfumo kwa makusudi kwa saa moja, mchana, tukiwa tumejipanga. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kalamu sita kati ya kumi hazikuandika. Ndiyo maana ya kuzima.

Basi asubuhi ile ya Mei, yule binti wa kipande cha boksi, ambaye sasa ndiye msimamizi wa mapokezi, alikuwa amepanda juu ya benchi. Hakunipigia simu kuomba ruhusa. Nilimkuta anawaambia watu kwa sauti ya wazi: "Wazee wangu, mama zangu, mtandao umekatika huko baharini, hatujui utarudi lini. Hakuna atakayerudishwa nyumbani. Mtaandikwa kwa kalamu, mtapewa namba, daktari atawaona. Mambo ya kadi tutayamaliza sisi." Akashuka, akaniona, akanipa rundo la fomu. "Bosi, dirisha la tatu halina mtu. Kaa uandike."

Nikakaa, nikaandika hadi saa nane mchana, vidole vikauma. Baada ya hapo tulikesha usiku tatu kuingiza zile karatasi kwenye kompyuta. Kadi kadhaa zikaonekana zimeisha muda wake, hospitali ikabeba, mhasibu akasaini bila neno.

Kuhusu kampuni zinazouza mifumo, nitasema kwa kifupi. Zinakuja na maonyesho mazuri, intaneti ya hotelini inakimbia. Waombeni waje waonyeshe wodini kwenu, umeme ukiwa umekatika na jenereta haijawaka. Na kabla ya kusaini ulizeni taarifa za wagonjwa zinalala kwenye seva ya nani, na siku mkiachana mtaondoka nazo kwa umbo gani.

Lipo ambalo sijaliweza. Muuguzi wetu bado anaandika mgonjwa kwenye kitabu cha MTUHA, ile rejista ya takwimu za huduma za afya, kisha anamwandika tena kwenye kompyuta, kisha mwisho wa mwezi anakaa na kitabu kilekile kuhesabu kwa vijiti, vinne na cha tano kinakatiza, ili ripoti iende juu. Mtu mmoja, mara tatu. Nimejaribu mara mbili kuliondoa na mara zote mbili takwimu za kompyuta na za kitabu zimepishana, na kitabu ndicho kilikuwa sahihi, kwa sababu wodi ikijaa watu wanaandika kitabuni kwanza na kompyuta inasubiri hadi wapate nafasi. Nadhani jibu liko kwenye namna tulivyoipanga meza ya muuguzi kuliko kwenye programu, lakini sina hakika. Baadhi yenu mna macho mapya.

Kwa hiyo nawakaribisha. Jumatatu ijayo saa moja na nusu nitakuwa dirishani. Mwalimu wenu anajua ni hospitali gani, na muuguzi mkuu amekubali nipokee wanafunzi wanne, wawili mapokezi na wawili wodi ya wazazi pamoja na kitabu chao cha MTUHA. Njooni na kalamu inayoandika, mvae sweta, dirisha lile linaingiza upepo. Ndaga fijo.